Nilivyosajili alama ya viungo vyangu, na "Ninja" aliyeingia sokoni

Nasaga viungo vya pilau na vya chai hapa Morogoro. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, nilikuwa nacho tangu mwanzo, na wenzangu wengi sokoni huishia hapo wakijiona wamejikinga. Cheti kile kinaeleza tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Cha kumzuia mtu asibandike jina lako kwenye pakiti zake ni usajili wa alama ya biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986. Ofisi ni ile ile, ila ombi ni jingine kabisa.

Kilichonichosha ni jina. Mume wangu aling'ang'ania "Pilau Tamu". Nikamwambia, kila muuza viungo atasema vyake vitamu, sasa Msajili atanipaje mimi peke yangu maneno ambayo wote wanayahitaji kusifia bidhaa zao? Nikachagua Ninga, yule njiwa wa kijani, kwa kuwa hahusiani hata kidogo na bizari wala iliki. Aliyenichorea nembo nilimsainisha karatasi kwamba ameniachia haki zote za mchoro. Alicheka, akasaini.

Kabla ya kuchapa lebo niliomba upekuzi, kujua kama kuna alama inayofanana na yangu. Baada ya hapo nikaingia kwenye mfumo wa BRELA kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), nikapakia nembo, nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu. Pakutulia ni kwenye madaraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, na ulinzi wako unafuata daraja uliloomba. Viungo, chai na unga viko daraja la 30. Siagi ya karanga, ambayo nayo natengeneza, iko la 29, kwa hiyo ombi lake peke yake na ada yake peke yake. Ukiuliza mbona vyote ni chakula, utajibiwa ndivyo ulivyo mgawanyo wa kimataifa.

Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida rasmi, na mwenye pingamizi ana siku 60. Kwangu hakujitokeza mtu. Cheti kikatoka: miaka 7 tangu tarehe ya kuomba, baadaye unahuisha kila miaka 10. Ile R ya ndani ya duara sikuiweka kwenye lebo mpaka nilipokishika cheti mkononi, maana kudai usajili usio nao ni kosa.

Basi akaja "Ninja". Mteja wangu wa Kihonda alinipigia kulalamika kwamba safari hii nimemuuzia vumbi. Kwenda kuangalia, pakiti ni kijani ile ile, ndege yule yule kageuziwa kichwa upande wa pili, na herufi moja imebadilishwa. Ninja na pilau wapi na wapi! Sikugombana na mwenye duka. Nilinunua pakiti kadhaa, nikadai risiti, nikazipiga picha zikiwa rafuni pamoja na zangu. Wakili akaandika barua, akaambatisha nakala ya cheti, akampa mhusika siku za kuziondoa sokoni, la sivyo tunakwenda mahakamani na Tume ya Ushindani inapata malalamiko ya bidhaa bandia. Hoja yake ilikuwa kwamba mama anayenunua kwa haraka jioni hakagui herufi, anaangalia rangi na ndege. Pakiti ziliondolewa, na gharama ya wakili akailipa huyo mwenye Ninja.

Ninachokimbizana nacho sasa ni Zanzibar. Cheti cha Bara hakivuki maji. Kule usajili uko kwa BPRA, wakala wao wa usajili wa biashara na mali, na mzigo wangu umeshaanza kupanda boti kwenda Darajani. Nimesimamisha oda kubwa hadi ombi lipokelewe. Mnunuzi wa huko amenuna kidogo, atazoea.