Mikono ya Profesa Muyembe

Kila ninapowasimulia watu habari za Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, huanzia kwenye mikono yake. Mwaka 1976, akiwa daktari kijana aliyerejea kutoka Ubelgiji na shahada ya uzamivu katika virolojia, yaani elimu ya virusi, alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, kuchunguza ugonjwa ambao haukuwa na jina. Glavu hazikuwapo. Alipowatoa wagonjwa damu, aliona jambo lililomshangaza: sindano ilipochomolewa, tundu halikuziba, na damu iliendelea kuchuruzika hadi ikamlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, basi. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mmoja mgonjwa, ambaye hakupona, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Virusi vikapewa jina la mto Ebola, na kwa miaka mingi waliofungua chupa ile walisifiwa kuliko aliyetoka Yambuku na damu mikononi.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, mji wa Kongo hiyo hiyo, na hapo Muyembe akajaribu jambo ambalo wenzake wengi hawakuliafiki: aliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, kwa hoja kwamba damu hiyo imekwisha kujifunza kupigana na virusi. Saba walipona. Wakosoaji walisema hakukuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wasioongezewa damu hiyo, na kisayansi, ni lazima nikiri, walikuwa na haki. Hata hivyo hakuiacha hoja yake. Kutoka kwenye damu ya mtu mmoja aliyenusurika Kikwit, watafiti wa Marekani walioshirikiana naye walipata kingamwili, yaani protini ambayo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na kwayo ikatengenezwa dawa ya mAb114, ambayo ilijaribiwa katika mlipuko wa Ebola mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2018, safari hii kukiwa na makundi ya kulinganisha. Miongoni mwa waliotibiwa mapema, kabla virusi havijazidi mwilini, takriban 9 kati ya 10 walipona.

Wakati wa mlipuko huo Muyembe, ambaye ameiongoza taasisi ya utafiti ya INRB mjini Kinshasa tangu 1998, aliamua kwamba sampuli zote za damu zibaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje kuzichunguzia huko.