Nilivyopambana na ukoko wa chokaa kwa doti za kaboni

Mi nahudumia mtambo wa maji ya moto, na kila nikifungua heta nakuta ukoko mweupe umeganda kwenye koili mpaka uugonge ndo utoke. Maji magumu yakipata moto bikaboneti inavunjika, kaboni dayoksaidi inatoka, kalsiamu na kaboneti zinashikana, ndo ukoko wenyewe huo. Dawa niliyokuwa natia ni ya fosfoneti, kemikali yenye fosforasi inayozuia ukoko, inafanya kazi vizuri sana, ila nikiwaza maji yale yakimwagwa fosforasi inaenda kulisha mwani, roho inaniuma.

Ndo nikaanza kujaribu doti za kaboni, yaani vichembe vya chini ya nanomita 10 vyenye vikundi vya kaboksili (vikundi vidogo vya atomi za kaboni, oksijeni na hidrojeni) juu yake, hivyo ndo vinadaka kalsiamu na kung'ang'ania kwenye fuwele changa isiendelee kukua. Nilipasha unga wa asidi ya sitriki, ile asidi ya kwenye ndimu, kwenye nyuzi 200 kama nusu saa, ukayeyuka, ukawa njano halafu rangi ya chungwa, hapo toa haraka maana ukizidisha sana inakuwa nyeusi. Nikaimulika gizani kwa taa ya ultravayoleti ikang'aa bluu, yani nilifurahi mno.

Nikaweka chupa 2 za maji ya kalsiamu na bikaboneti kwenye nyuzi 60 usiku kucha, moja haina doti, ndo naiita tupu, moja ina doti. Asubuhi ile tupu imeganda, ya doti haina hata chembe. Nikajua nimemaliza kazi, kumbe wapi! Wakati namimina nilikuwa nimeona viputo vinatoka nikavipuuza, na vile viputo ndo jibu lenyewe, asidi ambayo haikugeuka doti ilikuwa inakula bikaboneti, sasa ukoko utatoka wapi?

Nikarudia. Safari hii nikatuliza asidi kwa soda kali hadi pH 7, yaani si asidi tena wala si besi (vaa glavu na miwani tafadhali), nikatia kwenye mfuko wa dayalisisi, yaani mfuko wenye vitundu vidogo mno, nikauloweka kwenye maji siku 2 nabadilisha maji, molekuli ndogo za asidi zikapenya nje doti zikabaki. Nikaongeza chupa ya 3 yenye asidi ya sitriki tupu iliyotulizwa hivyohivyo, bila hiyo huwezi kujua nani kafanya kazi.

Matokeo hayakuwa ya ajabu kama mwanzo ila haya nayaamini. Chupa ya doti ilitoa unga laini, ukitikisa unamwagika wote, ile tupu nilikwangua. Kwenye darubini fuwele za chupa tupu zina pembe kali, za doti zimekuwa mviringo mviringo. Nikachuja maji nikapima kwa EDTA, kemikali inayodaka kalsiamu, ya doti yalitaka matone mengi kuliko zote kabla mureksidi, rangi inayoonyesha kalsiamu yote imeshadakwa, haijatoka pinki kwenda zambarau, maana yake kalsiamu nyingi bado imeyeyuka humo, na nilitia miligramu chache tu kwa lita.

Kwenye mtambo bado sijatia. Sa hivi kuna chupa zingine kwenye moto zenye magneziamu na silika, maana maji halisi hayana kalsiamu peke yake, na silika ndo inanipa wasiwasi, ukoko wake ukishakaa hata asidi za kawaida hauzisikii.