Nilivyochagua kati ya Mark X mbili: ya tairi za nyuma na ya foo wili

Nilipokuwa naagiza Mark X kutoka Japani, nilibakiwa na mbili zinazofanana karibu kila kitu, zote V6 ya lita 2.5. Moja ni toleo la GRX120, inayosukumwa na tairi za nyuma. Nyingine GRX125, foo wili, yaani tairi zote nne zinasukuma. Vijana wa kijiweni wakasema foo wili itaninyima spidi. Hela ni yangu, kwa hiyo nikaamua kulichimba jambo hilo mpaka nilielewe.

Nilianzia kwa fundi wangu, siku ambayo alikuwa amefungua difu ya nyuma ya gari fulani, lile boksi la gia linalopeleka nguvu kwa tairi za kushoto na kulia. Akanipa pinioni nishike, gia ndogo inayoizungusha ile kubwa iitwayo krauni, nzito, bado inang'aa oili.

"Tazama meno yalivyopinda, kaka. Yakikutana na ya krauni hayabingiriki tu, yanateleza huku yamebanana."

Kule kuteleza ndiko kunakogeuza nguvu kuwa joto. IST, ya tairi za mbele, injini yake imekingama na shafti zinakwenda sambamba, nguvu haikati kona, hivyo inapotea kidogo. Ya tairi za nyuma inakata kona kwenye difu. Foo wili ya Mark X ina difu nyingine mbele, propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu) ya pili, na boksi la kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na vyote vinazunguka hata kwenye lami kavu.

Kwa hiyo vijana walikuwa na hoja. Mimi nilitaka kujua ni kiasi gani, na hapo ndipo mambo yaliponinogea. Nguvu ya kuupasua upepo hupanda kwa mchemraba wa spidi: ukitaka spidi mara mbili, unadaiwa nguvu mara nane. Tufanye injini ina farasi 200, ya nyuma inafikisha 170 kwenye tairi, foo wili 160. Piga hesabu: ikiwa ya nyuma ingefika kilomita 230 kwa saa, foo wili itaishia 225 hivi. Basi! Bugatti Veyron ya 2005 ni foo wili na ilivuka 400, kwa sababu farasi wake 1,001 walifidia msuguano wote huo na kubaki.

Na kwa gari zetu hata hizo kilomita tano ni za kwenye karatasi. Watengenezaji wa Japani walikubaliana kufunga gari za soko la kwao zisizidi 180, na kompyuta ndiyo inayozizuia. Mark X zote mbili zinaishia palepale.

Nikachukua GRX125. Kwetu ni Rungwe, mvua haina msimu wa kupumzika, na kile kipande cha kupanda kwa mama kinateleza kama sabuni. Ni gari ya chini, kwenye makorongo siipeleki, lakini kilima kile inakipanda bila kuchuna tairi. Kinachohitaji macho ni tairi: zote nne saizi moja, zimelika sawasawa, maana zikitofautiana difu ya katikati, ile ya kwenye boksi la kugawa nguvu, inafanya kazi safari nzima.