Miguu ya Yuda Nayo Ilitawadhwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonikaa moyoni wiki hii ni Yohana 13, hasa mstari wa 3, ambao huwa tunaupita mbio tukikimbilia bakuli na kitambaa. Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Ndipo akaondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akaanza kuwatawadha, yaani kuwaosha, wanafunzi wake miguu. Hakuinama ili apate cheo, wala hakuogopa kukipoteza. Luka 22 inaonyesha kwamba kwenye karamu hiyo hiyo wanafunzi walikuwa wakishindana nani mkubwa. Anayeshindania ukubwa ataiona wapi miguu ya mwenzake? Na Yuda, aliyekwenda kumsaliti, alikuwamo. Anatoka mstari wa 30. Miguu yake nayo ilitawadhwa.

Niseme wazi, kwa upendo: mara nyingi tukienda kuwatazama wagonjwa, tunajihudumia wenyewe. Tunajaza chumba, tunaimba, kila mmoja anaomba kwa zamu, tunapiga picha. Tunaondoka tumebarikiwa, mgonjwa amebaki hoi, na anayemuuguza ana rundo la vyombo vya kuosha. Aliyelala kitandani hana uwezo wa kutuambia tuondoke, jamani.

Ulizeni kwanza kama anataka wageni, na saa ngapi. Waende wawili. Mwenye mafua abaki nyumbani aombee huko huko. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, kisha keti, asilazimike kuinua shingo kukutazama. Robo saa inatosha. Akianza kufumba macho au kujibu neno moja moja, aga. Zaburi ya 121 ina mistari 8 tu. Isome taratibu, uombe kwa ufupi, na sala isigeuke mahubiri. Usimsimulie habari za fulani aliyeugua hivyo hivyo akafa. Wala usimwambie anaumwa kwa kukosa imani. Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku 7 walizoketi naye kimya. Waliharibu walipofungua vinywa. Picha acheni kabisa.

Halafu kuna anayeuguza, ambaye tunamsahau. "Ukihitaji chochote tuambie" haimsaidii, kwa sababu inamwongezea aliyechoka kazi ya kufikiri na aibu ya kuomba. Taja kazi, siku na saa: "Alhamisi saa tisa nakuja kukaa naye hadi saa kumi na moja, wewe ulale." Na saa tisa ikifika, uwe mlangoni. Ukichelewa saa nzima umemnyima usingizi alioungojea tangu asubuhi.

Katika Matendo 6 wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Wakateuliwa watu 7, majina yao yakatajwa, wakawekewa mikono. Basi viongozi wa vikundi, andikeni jina la mtu mmoja mbele ya kila zamu. Mkiandika "sote", hatakwenda mtu.

Na ninyi watumishi hodari msiokubali kutumikiwa, mmesimama pale alipokuwa Petro: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Alijibiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika na Bwana. Kukataa kule kulionekana ni heshima, kumbe alikuwa bado anampangia Bwana la kufanya. Ukiugua, mzee wa kanisa, mama mchungaji, na mtu akaja kufua shuka zako, mpe shuka.