Neno lililotupwa katikati ya wimbo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Mhubiri 11:1: "Tupa chakula chako usoni pa maji, maana utakiona baada ya siku nyingi." Miaka yote nimelisoma nikidhani linahusu sadaka tu. Safari hii limenijia kwa njia ya wimbo wa kidunia, na najua wapo watakaokunja uso. Nivumilieni kidogo.

Wimbo wenyewe ni "Bridge over Troubled Water" wa Paul Simon na Art Garfunkel, uliotoka Januari 1970. Hata kama jina hulijui, huenda umewahi kuusikia redioni usiku: piano inaanza peke yake, sauti ya mwanamume inaingia taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, halafu mwishoni ngoma na fidla zinafurika. Ni ahadi ya mtu kwa rafiki yake aliyechoka: nitajilaza niwe daraja, upite juu yangu uvuke.

Simon aliutunga mwaka 1969. Siku hizo alikuwa akirudia-rudia santuri za Swan Silvertones, kundi la injili la Wamarekani weusi, na humo mlikuwa na "Mary Don't You Weep", waliyoirekodi 1959. Wimbo huo ulikuwa mkongwe kuliko wao wote. Watumwa wa Marekani waliuimba kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, wakimwambia Mariamu asilie kwa kuwa jeshi la Farao limezama. Mnaona walivyochanganya? Mariamu wa Bethania anayemlilia Lazaro katika Yohana 11 anafarijiwa kwa habari za Bahari ya Shamu, utadhani mambo hayo yalitokea wiki moja. Mwalimu wa chuo cha Biblia angechukua kalamu nyekundu. Mimi nadhani mama aliyeuziwa mtoto wake mnadani hakuwa na haja ya kupanga vitabu. Alijua kaburi lilifunguka na bahari ilifunguka, na aliyevifungua ni mmoja.

Kiongozi wa Swan Silvertones alikuwa Claude Jeter, mzaliwa wa Alabama, aliyepasua makaa ya mawe kwenye migodi ya West Virginia kabla sauti yake nyembamba ya juu haijajulikana nchi nzima. Wenzake wakiwa wameshika kiitikio, yeye akachomeka maneno yake: atakuwa daraja juu ya maji ya kina, mradi uliamini jina lake. Basi, wimbo ukaendelea. Halikuwa ubeti wala kichwa cha wimbo, ila neno la pembeni, kama yale anayotupa mzee mmoja wa besi kwenye kwaya yetu, ambaye mwalimu wa kwaya humkaripia kila Alhamisi kwamba aimbe kilichoandikwa.

Neno hilo ndilo Simon alilookota. Kijana wa Kiyahudi wa New York, hakuwa wa kanisa la Jeter wala la mtu mwingine, na hakuficha alikolitoa.

Kuna kitu lakini kilibadilika njiani. Kwa Jeter anayesema ni Bwana mwenyewe, yule wa Isaya 43:2: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Kwa Simon anayesema ni rafiki, na lile jina la kuaminiwa limetoweka. Ndugu mmoja aliniambia huo ni wizi, neema imenyang'anywa mwenyewe. Sikukubaliana naye sana. Yohana katika waraka wake wa kwanza, 3:16, anasema Kristo aliutoa uhai wake kwa ajili yetu, kisha hapumui, anaongeza kwamba sisi nasi imetupasa kuutoa kwa ajili ya ndugu. Ahadi ile ile inahama kutoka kinywa cha Mungu kuja kwenye vinywa vyetu. Ikifika huku ndipo inapokuwa ngumu.

Maana Kiswahili chetu kinatuumbua. Daraja ni la kuvukia, na daraja ni cheo. Wenzetu Wakatoliki huita upadrisho Sakramenti ya Daraja Takatifu, na sijui kama aliyelichagua neno hilo alikusudia maana zote mbili, ila natamani iwe hivyo. Wengi wetu tunaomba daraja tukiwa na maana ya pili. Hata Simon. Ni yeye aliyesisitiza kwamba Garfunkel auimbe peke yake, kisha jukwaani akawa anakaa pembeni akisikia watu wakishangilia, na baadaye alikiri hadharani kwamba moyoni alikuwa akijiambia wimbo ule ni wake. Marafiki tangu utotoni waliachana mwaka huo huo wa 1970, huku dunia ikijifariji kwa wimbo wao. Simcheki. Nimewahi kupika chakula cha msiba, akashukuriwa mwingine, nikalala na kisirani.

Wimbo nao ukaenda zake. Septemba 2001, siku chache baada ya minara ya New York kuangushwa, Simon aliuimba kwenye televisheni kwa ajili ya waliofiwa. Juni 2017 wasanii wa Uingereza waliurekodi upya kuwachangia walioathirika na moto wa jengo la Grenfell, London, uliochukua roho za watu 72.

Lakini mimi napenda zaidi safari yake fupi. Mwaka 1971 Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Kibaptisti, aliuchukua akauimba kikanisa kabisa, waitikiaji nyuma yake wakijibu kama waumini. Januari 1972 akaingia kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na kwaya ya mchungaji James Cleveland, kurekodi nyimbo za injili. Mmojawapo ulikuwa "Mary, Don't You Weep". Ukiisikiliza rekodi hiyo utamsikia akimwita Lazaro kwa jina, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kanisa zima linapiga kelele kana kwamba limeona sanda ikitikisika.

Wiki hii someni Yohana 11, na mkifika mstari wa 35 msiharakishe. Mimi Alhamisi nimeomba nihamishiwe upande wa besi, karibu na yule mzee.