Sikio la Mdogo Wangu

Pale nyumbani Pangani, sikio la mdogo wangu lilikuwa na mshitakiwa mmoja tu: bahari. Mtoto alikuwa haambiliki kwa kuogelea. Kila usaha ulipoanza kutoka, mama alimpiga marufuku kwenda ufukweni. Ukakauka, siku zikapita, kisha ukarudi hata akiwa hajagusa maji. Bibi alimtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu yenye kitunguu saumu. Majirani walishauri maziwa ya mama. Mto wake ulinuka, na darasani wenzake walikuwa wanamhama dawati.

Januari 2010, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne, mwalimu wake alimwita mama akamwambia: huyu mtoto akiitwa kutoka nyuma hageuki. Basi tukaongozana naye zahanati, mimi, mama na bibi.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alilishika lile sikio la kushoto, akalivuta juu, kisha akabonyeza kile kinyama kinachochomoza mbele ya tundu. Mdogo wangu ametulia tu. Akabonyeza na mfupa wa nyuma ya sikio huku akimtazama usoni. Kimya. Ndipo akamgeukia bibi.

"Shikamoo bibi. Hili si la bahari. Sikio likiharibiwa na maji, au na njiti ya kiberiti, panapoumia ni njia ya nje. Ukilivuta hivi mtoto angepiga kelele. Na huo mfupa ungekuwa umevimba, sasa hivi ningewaandikia barua ya hospitali. Ugonjwa wa huyu umepita puani."

"Puani, mwanangu?" bibi akauliza.

Akatuchorea nyuma ya daftari. Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati. Kwa mtu mzima ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto ni mfupi na karibu umelala. Akishikwa na mafua unavimba na kuziba, majimaji yanakwama nyuma ya kiwambo cha sikio, vijidudu vinazaliana humo, na usaha ukijaa unakitoboa kiwambo. Kikishatoboka maumivu yanapungua, na wazazi wanaona mtoto kapona. Akauliza analala wapi. Tukamwambia chumba cha bibi, kinachopakana na jiko la kuni. Moshi nao unachangia, akasema.

Mama hakusema neno. Kwa ajili ya hiyo bahari alikuwa ameshamchapa sana.

Kuogelea hakukuruhusiwa bado, maana kiwambo kikiwa na tundu maji yanaingiza uchafu mpaka ndani. Mafuta yaachwe, sikio lisizibwe kwa pamba. Usaha uliozidi wiki mbili ni sugu, na tiba yake inaanza na kulikausha sikio: kitambaa safi cha pamba kinasokotwa ncha, kinaingizwa taratibu, kikilowa kinatolewa na kuwekwa kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku, na kila baada ya kukausha ndipo matone ya dawa, kwa siku 14.

Kazi hiyo aliichukua bibi. Vidole vilivyosuka ukili maisha yake yote vilisokota ncha laini kuliko za nesi aliyetuonyesha. Alimlaza mtoto mapajani mlangoni penye mwanga, akawa anakitazama kila kitambaa kinachotoka: cha kwanza njano nzito, cha pili chepesi, kisha unyevu tu. Matone hakumruhusu mtu kuyatia mpaka yeye aseme pamekauka. Na mto ukahamishiwa chumba cha mbele, mbali na moshi.

Sikio likakauka. Mwaka 2013, chanjo ya nimonia ilipoanza kutolewa nchini, mama alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza wenye watoto wachanga mtaani kwetu, kwa sababu aliambiwa kliniki kwamba bakteria anayekingwa nayo ni mmoja wa wanaoleta usaha masikioni. Ila usikivu wa sikio la kushoto haukurudi wote. Ugonjwa ulikuwa umekaa humo muda mrefu mno, sisi tukigombana na maji ya chumvi, na hilo linaniuma hadi leo. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia limwelekee yeye. Mwaka huo huo aliohamishwa dawati alianza kusoma vizuri.