Daftari la Viitikio

Mjukuu wangu anajifunza kupiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, na wiki iliyopita aliniomba nimpe nyimbo za taarabu nilizoimba ujanani. Nikamtolea daftari langu la jalada la buluu, ambalo limekaa ndani ya kasha tangu nilipoolewa. Alilisoma polepole, kwa kuwa limeandikwa kwa hati za Kiarabu kama tulivyofundishwa katika chuo cha Kurani, kisha akaniuliza: "Bibi, mbona hamna hata wimbo mmoja uliotimia?" Alisema kweli. Daftari lile lina viitikio vitupu, kwa sababu mimi nilikuwa muitikiaji, na muitikiaji aliandika sehemu yake tu.

Niliingia katika kikundi mwaka 1970, nikiwa na miaka 17, baada ya marehemu baba kukubali kwa sharti kwamba kaka yangu anipeleke na anirejeshe. Mazoezi yalikuwa baada ya sala ya isha, ghorofani katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, na yalianza kwa kimya. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zilizofungwa tatu tatu kwa kila sauti, na wakati wa masika unyevu ulikuwa unazilegeza, hata mpigaji akalazimika kukaa na ufunguo wake muda mrefu, akiukaza uzi mmoja na kuusikiliza kwa kuinamisha kichwa. Sisi wasichana tulikaa mkekani bila ya kunong'ona. Sikio langu lilifunguka katika kimya kile kabla sijaruhusiwa kutoa sauti.

Watu wengi hudhani kuitikia ni kurudia tu. Beti zetu zilikuwa za mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, wenye kina cha kati na kina cha mwisho. Mwalimu wetu alitutaka tuvute pumzi kwenye kina cha kati, sote kwa pamoja, na wala isisikike. Na ile irabu ya mwisho tusiimeze, bali tuiache inyooke mpaka fidla ziipokee. Tulikuwa wanawake sita. Alikuwa akipita nyuma yetu na kusimama kwa kila mmoja, na akisikia sauti moja imezidi nyingine, aliisimamisha ngoma ya dumbaki kwa kuinua kidole tu. Nimezidisha sauti mara nyingi, na kidole kile naweza kukichora mpaka leo.

Usiku mmoja, kwenye harusi mtaani Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, mwimbaji wetu alifika ubeti wa tatu akapotewa na maneno. Wanawake walikuwa wamekwishainuka kwenda kumtunza, noti zikiwa juu vidoleni, wakitembea kwa mwendo wa mdundo kama ilivyo desturi. Nilimwona akikaza mkono kwenye kanga yake. Shoga yangu aliyekaa kuliani kwangu akanigusa goti, tukavuta pumzi, na sote sita tukaingia na kiitikio kabla ya wakati wake, mpiga kodiani akatufuata, na mwimbaji akapata nafasi ya kukumbuka. Watunzaji hawakujua lolote. Furaha ya usiku ule sijaipata tena katika jambo lolote la muziki.

Ndiyo maana liliniuma tuliporikodiwa, na nyimbo zetu zilipopigwa redioni yakatajwa jina la mwimbaji, la mtunzi na la kikundi, na sisi tusitajwe kabisa. Sikumlaumu mwimbaji, na sauti yake ilistahili sifa. Lakini hata Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo kwa Kiswahili, hakwenda peke yake; alikuwa na akina Mbaruku na Subeti na wenzao, na ni wangapi leo wanaoyataja majina hayo? Napenda wanaosoma muziki wayataje.

Mwimbaji wetu ameshafariki, na mtunzi pia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Beti walikuwa nazo wao. Katika daftari nimehesabu viitikio 31, na nyimbo ninazoweza kuziimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho hazifiki kumi. Jana alasiri nilimchukua mjukuu wangu tukaenda Kikwajuni kwa yule shoga yangu aliyenigusa goti. Macho yake hayaoni vyema siku hizi, kwa hiyo nikamsomea kiitikio cha kwanza, akakaa kimya kidogo, akaanza kupiga mapaja kwa viganja, na akatoa ubeti mzima na nusu ya ubeti wa pili. Mjukuu wangu akaandika. Tumekubaliana kurudi Ijumaa baada ya sala, tuanze na kiitikio cha pili.